Uzi na msumari: jahazi la Muscat latuhusu nini sisi watu wa ziwa?

Mmezoea kunisikia katika kipindi hiki nikizungumza juu ya bei ya kahawa, mnyauko wa migomba, michango ya shule na ubovu wa barabara. Juma hili naomba tuweke jembe chini. Nataka tuzungumze juu ya uzi na msumari, na juu ya jahazi moja kubwa ambalo mbao zake hazikuunganishwa kwa msumari hata mmoja. Jahazi lenyewe liko mbali, mjini Muscat katika nchi ya Oman. Hata hivyo mazungumzo haya yataishia hapa hapa kwetu, kwenye Ziwa Victoria, kwa sababu fundisho la jahazi lile latuhusu sisi pengine kuliko wenye jahazi lao.

Tuanze na swali la kifundi. Ukiwa na mbao mbili, ukaziweka ubavu kwa ubavu, utaziunganisha vipi zisiachane na zisipitishe maji? Fundi wa leo, awe wa Kemondo au wa Dar es Salaam, atakujibu bila kufikiri: pigilia msumari. Lakini kwa karne nyingi mafundi wa Bahari ya Hindi, tangu pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi Uarabuni na India, walikuwa na jibu jingine. Walisema: shona. Walitoboa matundu kwenye kingo za mbao, wakapitisha kamba ya kumbi za nazi, wakakaza, wakashona chombo kizima tangu omo hadi tezi. Chombo hicho kikapakiwa shehena, kikakata bahari, kikaenda na kurudi.

Najua jambo hili ni gumu kulisadiki. Ndiyo maana nimetaka kulieleza taratibu.

Jahazi nililolitaja linaitwa Sohar. Nililiona mwaka 2016, nilipokwenda Muscat kwa semina ya watangazaji wa redio. Wasikilizaji wengi mnajua kwamba kule Oman wapo watu maelfu wanaozungumza Kiswahili, ambao wao au wazazi wao waliishi Unguja, Pemba na mrima. Siku ya mapumziko mzee mmoja mzaliwa wa Unguja alijitolea kunitembeza kwa gari lake. Nilipomwamkia, "Shikamoo mzee wangu," uso wake ulikunjuka. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Watokea wapi Tanganyika?" Nikamwambia natokea Kanazi, Bukoba. "Mtu wa ziwa," akasema. "Basi leo nitakuonyesha chombo. Ukirudi kwenu, wasimulie."

Jahazi hilo limewekwa katikati ya mzunguko wa barabara, karibu na hoteli ya Al Bustan Palace, na nyuma yake ni milima ya mawe makavu isiyo na hata unyasi. Magari yanalizunguka mchana kutwa. Urefu wake ni kadiri ya mita 26. Ukilitazama kwa mbali utadhani ni jahazi kama majahazi mengine. Ukisogea karibu ndipo unapoona mistari ya mishono, safu juu ya safu, kila mshono ukifuata mwenzake kwa nafasi ile ile. Mzee aliniacha nitazame kwanza, halafu akaniuliza, "Umeuona msumari?" Nikamjibu kwamba sikuuona. "Hutauona, mwanangu. Hapo ni kamba tu, na akili ya mtu."

Sasa, ndugu wasikilizaji, ni lazima niwaeleze kwamba Sohar si chombo cha kale. Ni nakala. Kilijengwa mwaka 1980 katika mji wa Sur, ulio kusini-mashariki ya Muscat, mji wenye sifa kubwa ya ujenzi wa majahazi. Aliyekuwa na fikra hiyo ni mwandishi na msafiri Tim Severin, ambaye alifariki dunia mwaka 2020. Severin alitaka kupata hakika ya jambo moja. Katika hadithi za Alfu Lela Ulela yumo baharia aitwaye Sindbad, aliyesafiri safari saba za ajabu. Hadithi ni hadithi, lakini wanahistoria wanajua kwamba zaidi ya miaka 1,000 iliyopita mabaharia wa Uarabuni walifika kweli hadi China. Je, waliwezaje kufika huko kwa vyombo vya kushonwa? Vitabu peke yake havikutosha kulijibu swali hilo. Ilibidi chombo kijengwe upya, kitiwe majini, kisafirishwe. Sultani Qaboos wa Oman akakubali kuigharimia kazi hiyo.

Hapo ndipo ilipojitokeza tabu ambayo ningependa tuikumbuke. Ingawa Oman ni nchi ya mabaharia wakubwa, na ingawa Sur ilikuwa na mafundi hodari wa majahazi ya misumari, ujuzi wa kushona chombo kikubwa namna ile haukupatikana pale. Mbao zilitoka pwani ya Malabar, kusini mwa India. Washonaji nao ilibidi watafutwe katika visiwa vya Lakshadweep, huko huko India, kwa sababu visiwani kule walikuwako wazee waliokuwa bado wanaikumbuka kazi. Kwa hiyo nchi yenye fedha za mafuta ilikuwa na uwezo wa kununua mbao, kamba na hata muda wa watu, lakini ujuzi ilibidi iuombe kwa wazee wa visiwa vidogo.

Kazi yenyewe ilifanywa hivi. Mbao ziliunganishwa ubavu kwa ubavu kuanzia kwenye mkuku kwenda juu, ganda la chombo likatangulia, na mataruma, yaani mbavu za ndani, yakafuata baadaye. Huu ni utaratibu tofauti na wa Ulaya, ambako mataruma husimamishwa kwanza. Kingo za mbao zilichongwa zikakutana barabara. Matundu yakatobolewa, tundu la ubao wa chini likielekeana na tundu la ubao wa juu. Juu ya maungio ukalazwa mtutu mnene wa nyuzi za kumbi. Kisha washonaji wawili, mmoja ndani na mwingine nje, wakapitisha kamba, wakaivuta kwa nguvu kwa kutumia mti kama wenzo, wakaigonga ikaze. Tundu likazibwa ili maji yasipite. Tundu moja baada ya jingine, maelfu ya matundu. Kamba iliyotumika ilikuwa ya urefu upatao maili 400, sawa na kilomita 640 hivi, na ilisokotwa kutokana na makumbi ya nazi yapatayo 75,000. Ujenzi wote ulimalizika kwa siku 165.

Chini ya chombo, sehemu inayokaa majini, ilipakwa chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama. Watu wa pwani yetu wanaijua dawa hiyo. Wao huiita deheni. Kazi yake ni kuwazuia wadudu wa baharini wanaotafuna mbao.

Mtu atauliza: kwa nini watu wajitaabishe hivyo wakati chuma kilikuwapo? Zamani palikuwa na hekaya kwamba baharini kuna milima ya sumaku ambayo huvuta misumari yote ya chombo mpaka mbao zikaachana na mabaharia wakazama. Hiyo ni ngano. Sababu za kweli ni za kifundi na za mfukoni. Kwanza, chuma kilikuwa ghali, na maji ya chumvi hukila. Msumari hushika kutu, hulegea, na huozesha ubao unaouzunguka. Kamba ya kumbi kinyume chake huyapenda maji ya chumvi. Kumbi lenyewe huvundikwa majini kwa muda mrefu kabla ya kusokotwa, na kamba ikilowa huvimba ikaziba tundu lake.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Chombo cha misumari ni kigumu. Kikigonga mwamba au kikitupwa ufukoni na mawimbi, hakina pa kwenda, hupasuka. Chombo cha kushonwa hunyumbuka. Mbao zake zinashikana, lakini zinaachiana nafasi ndogo ya kujongea, kama viungo vya mwili. Katika pwani yenye miamba na bandari zisizo na gati, ambako jahazi hukalishwa mchangani maji yakitoka, kunyumbuka huko kulikuwa ndiyo salama. Na tatu, kikiharibika, nahodha hakuhitaji kiwanda. Palipo na mnazi palikuwa na karakana.

Nisiwafiche upungufu wake pia. Chombo cha kushonwa huvuja, na mabaharia hawana budi kukumba maji mara kwa mara. Kamba huchakaa, kwa hiyo mishono haina budi kuangaliwa na kurudiwa. Na ilipofika zama za mizinga na shehena nzito, mbao zilizopigiliwa zilishinda. Hakuna ufundi usio na gharama yake.

Sohar iliondoka Muscat tarehe 23 Novemba 1980. Ilipita visiwa vya Lakshadweep, ikafika India, kisha Sri Lanka. Ilipotoka hapo kuelekea Sumatra ilikumbwa na shwari. Upepo ukakatika, jahazi likakaa juu ya maji kama kipande cha gogo. Foromali kubwa, yaani boriti inayobeba tanga, ikavunjika. Mabaharia wakakinga maji ya mvua ili wapate ya kunywa. Upepo ukarudi, wakapita Singapore, na mwezi Julai 1981 wakafika Guangzhou, China, baada ya maili zipatazo 6,000. Mishono ilihimili.

Sasa tupime faida yake. Mtu anaweza kusema, huu ulikuwa mchezo wa matajiri. Mimi sikubali. Kabla ya safari ile, mtaalamu aliweza kusoma maandishi ya kale kuhusu vyombo vya kushonwa na akabaki na mashaka. Baada ya safari ile alijua kamba inakazwa vipi, dawa gani inazuia wadudu, chombo kinavuja kiasi gani, na watu wangapi wanahitajika kuliinua tanga. Kitabu hakivuji, chombo huvuja, na kuvuja kwake ndiko kunakofundisha.

Tena Waomani hawakuishia hapo. Mwaka 1998, karibu na kisiwa cha Belitung nchini Indonesia, yaligunduliwa mabaki ya jahazi la karne ya 9 la namna ya Kiarabu, lililoshonwa, likiwa limezama na vyombo vya udongo vya China vipatavyo 60,000. Kwa kufuata mabaki hayo, Oman ilijenga nakala nyingine iitwayo Jewel of Muscat. Ujenzi ulianza mwaka 2008, na mwaka 2010 jahazi hilo likasafiri kutoka Muscat mwezi Februari hadi Singapore, likafika mwezi Julai. Jiulizeni: kama nakala ni mbao tu za kutazamwa, kwa nini ijengwe ya pili hali ya kwanza bado imesimama katikati ya barabara? Jibu ni kwamba mbao huzeeka zikiwa zimesimama, lakini ujuzi huzeeka usipotumika. Miaka karibu 30 ni kizazi kizima cha mafundi. Ilibidi mikono mipya ifundishwe.

Ndugu wasikilizaji, tusidhani kwamba hayo ni ya Waarabu na Wahindi tu. Sisi wenyewe tulishona. Katika karne ya kwanza, mfanyabiashara mmoja wa Kigiriki aliandika kitabu cha kuwaongoza mabaharia wa bahari hii. Ndani yake aliutaja mji wa biashara uitwao Rhapta, ambao wataalamu wengi wanaamini ulikuwa katika pwani ya Tanzania ya leo. Jina hilo, kwa maelezo ya kitabu chenyewe, lilitokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kushona, kwa sababu watu wa huko walikuwa na mashua za kushonwa. Fikirini: mji wa kwanza wa pwani yetu kutajwa katika maandishi uliitwa kwa kazi ya mafundi wake. Mwaka 1498, msafara wa Vasco da Gama ulipopita pwani hii, Wareno nao waliandika kwamba wameona vyombo visivyo na misumari, mbao zake zikifungwa kwa kamba na matanga yake yakiwa ya mikeka.

Chombo mashuhuri cha namna hiyo kwetu kiliitwa mtepe. Mitepe ilijengwa hasa Lamu na visiwa vya jirani. Ilikuwa na tanga moja la mkeka, lenye pembe nne, na omo yake ilichongwa mfano wa kichwa cha ngamia. Ilibeba boriti za mikoko na shehena nyingine hadi Mombasa na Unguja. Mwanzoni mwa karne ya 20 mitepe ilikuwa ikitoweka, na mwishowe hakukuwa na mtepe tena baharini.

Zanzibar nayo ilifanya kama Oman. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilijengwa nakala ya mtepe kwa ukubwa wake halisi, ikapewa jina Shungwaya, ikawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, lile jengo alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883. Mwaka 2012 jengo hilo lilifungwa kwa ubovu. Na tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, sehemu ya mbele pamoja na mnara wa saa ikaporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Msiba ule ulituonyesha kwamba hata nyumba ya kuhifadhia inahitaji kuhifadhiwa. Mwenye kuweka kumbukumbu yake yote chini ya paa moja ameiweka rehani kwa paa hilo.

Na sasa tuje nyumbani.

Kwetu sisi watu wa Kagera neno meli lina uzito wake. Tangu tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na mamia ya ndugu zetu, wengi tunalitazama ziwa kama mahali pa msiba. Meli ile ilipitia Kemondo, si mbali na Kanazi ninakoishi, na ziko nyumba katika vijiji vyetu ambazo hadi leo hutaji ziwa wakati wa chakula. Naiheshimu huzuni hiyo. Lakini isitusahaulishe kwamba kabla ya meli za chuma, wazee wetu walikuwa watu wa maji, na walikuwa na ufundi wao.

Mitumbwi mikubwa ya upande huu wa magharibi ya ziwa, ile iliyopata sifa kwa jina la visiwa vya Sese vya Uganda, ilikuwa ya kushonwa. Chini palikuwa na gogo moja lililochongwa, likitokeza mbele kama pembe. Juu yake ziliunganishwa mbao kwa kushonwa kwa nyuzi za mimea. Omo ilipambwa, mara nyingi kwa pembe za mnyama. Haikuwa na tanga. Ilikwenda kwa kafi, wapiga kafi wakiwa safu mbili na wimbo ukiwaongoza. Mwaka 1875 Stanley alipolizunguka ziwa hili aliikuta mitumbwi ya namna hiyo yenye urefu wa zaidi ya mita 20. Yeye mwenyewe alikuwa na mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa kwa vipande mabegani mwa wapagazi tangu Bagamoyo, ikaungwa upya ukingoni mwa ziwa. Watu wa Muleba wanajua yaliyotokea mwaka huo huo katika kisiwa cha Bumbire, walipogombana na Stanley, naye akarudi mwezi Agosti na bunduki akawaua wengi. Habari hizo zimo vitabuni, lakini zimeandikwa na mwenye bunduki. Mwenye mtumbwi hakuandika.

Fundi wetu wa zamani hakumjua fundi wa Lamu. Mmoja alikuwa na mnazi, mwingine hakuwa nao. Lakini walipoulizwa swali lile lile la mbao mbili, walitoa jibu lile lile. Walishona.

Je, ufundi huo uko wapi leo? Nenda kwenye mwalo wowote wa wavuvi. Utaona mitumbwi ya mbao ambayo hadi leo inaitwa Sese, na hata wataalamu wa uvuvi wanapohesabu vyombo vya ziwani hulitumia jina hilo. Umbo limebaki. Jina limebaki. Uzi ndio uliokwenda. Mitumbwi hiyo sasa ni ya misumari. Sisemi wavuvi warudi kwenye uzi. Mvuvi ana watoto wa kulisha, na msumari unamfaa. Nasema tu kwamba kitu kimepita mikononi mwetu bila sisi kukiaga.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini. Kanazi lipo jumba la Mukama Kahigi la enzi za Wajerumani, na wageni huja kulitazama. Limedumu kwa sababu ni jengo la kuta. Lakini nyumba zetu wenyewe, ile mishonge mikubwa iliyokuwa katikati ya kila kibanja, ziko wapi? Mushonge nao haukuwa na msumari. Fito zilipindwa, zikafungwa kwa kamba, nyasi zikapangwa juu yake mpaka chini. Ulikuwa ndugu wa mtumbwi wa kushonwa: akili ni ile ile, ya kufunga badala ya kupigilia. Mushonge ukiachwa miaka michache bila moto wa ndani na bila kuezuliwa na kuezekwa tena, unarudi udongoni.

Kitu cha mawe hujihifadhi chenyewe kwa muda. Kitu cha kamba huhifadhiwa na mikono ya watu. Mitumbwi ya babu zetu ilikuwa ikifumuliwa na kushonwa upya, na kila iliposhonwa upya kijana mmoja alikuwa amekaa pembeni akishika ncha ya uzi. Huyo kijana ndiye aliyekuwa makumbusho. Siku alipokosekana, kazi ilikwisha, ingawa mtumbwi wa mwisho pengine ulikuwa bado unaelea.

Kwa sababu hiyo napendekeza jambo moja, na napenda viongozi wa Bukoba na Muleba walisikie. Tushone mtumbwi mmoja. Hatuhitaji jahazi la mita 26 wala hazina ya sultani. Mti upo, nyuzi zipo, ziwa lipo. Watafutwe wazee wa visiwani na wa mwambao ambao waliwaona baba zao wakifanya kazi hiyo, hata kama wanakumbuka nusu tu. Nusu ya mmoja ikikutana na nusu ya mwingine, kazi inapatikana. Wakae nao vijana wa vyuo vya ufundi. Kila hatua ipimwe, iandikwe, ipigwe picha, na sauti za wazee zirekodiwe. Hiyo ya sauti sisi watu wa redio tunaiweza. Halafu mtumbwi usipelekwe moja kwa moja chini ya paa. Utiwe majini kwanza, uvuje, urekebishwe, upigwe kafi kutoka Bukoba hadi Kemondo. Na baada ya miaka michache, ukichakaa, ufumuliwe, na vijana wengine waushone tena.

Wapo watakaoniambia kwamba watoto wetu wanakaa chini madarasani, nami nataka mitumbwi ya maonyesho. Hoja hiyo ni nzito na siidharau. Lakini mtoto anayekalia dawati naye anahitaji kitu cha kusoma akiwa juu ya dawati hilo. Tunamfundisha habari za Vasco da Gama na Stanley. Tumfundishe pia kwamba fundi wa ziwa lake alijua kuunganisha mbao zikaelea bila msumari, na kwamba sababu ya kufanya hivyo haikuwa ujinga bali hesabu. Anayejua hivyo hataogopa kushika vifaa na kubuni chake. Tena ziko gharama za kungoja. Mbao tunaweza kuzipata mwaka ujao au mwaka wowote. Mzee wa miaka 85 hatusubiri.

Waomani walipolitaka jahazi lao waliwakuta bado wazee wa Lakshadweep wakiwa hai, wakawafuata ng'ambo ya bahari. Sisi wa kwetu tunaweza kuwafuata kwa baiskeli. Tuwahi.